Karatasi Tupu na Sufuria ya Maharage



Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni katika parokia moja ya milimani, niliandaa semina ya siku mbili juu ya karama za Roho Mtakatifu. Walikuja makatekista, viongozi wa jumuiya, akina mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), vijana wa kwaya, na wachache kutoka vigango vya ziwani waliopanda mlima juu ya lori la mizigo. Siku ya pili asubuhi niligawa karatasi. Nilikuwa nimeandika orodha: kuhubiri, kufundisha, kuponya, kuombea, kuimba, kuongoza, kutabiri, kunena kwa lugha. Kila mmoja aweke alama panapomhusu, kisha aeleze kwa sentensi mbili.

Wakati wa kukusanya, mama mmoja wa makamo alinirudishia karatasi yake ikiwa imekunjwa mara nne. Niliifungua palepale mbele yake. Haikuwa na alama hata moja. Kwenye kona palikuwa na doa la mafuta, kama ukubwa wa kidole gumba.

"Baba Padri, mimi sina," alisema. Akainamisha kichwa kidogo, akaondoka upesi.

Nilidhani ameona aibu. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba katika parokia ile wapo waumini ambao hawajazitambua karama zao, hivyo wanahitaji mafundisho zaidi. Saa saba mchana tukala ugali na maharage na majani ya maboga, watu arobaini na kitu. Nilimaliza sahani yangu, nikaongezwa. Ilipita karibu mwaka mzima kabla sijajua kwamba aliyepika ni yeye. Aliondoka upesi kwa sababu sufuria ilikuwa jikoni.

Nimelibeba jambo hilo hadi leo, na Kwaresima hii limenirudia kwa nguvu. Nilifundisha karama siku mbili, nikala matunda ya karama siku mbili, na sikuiona. Orodha yangu ndiyo iliyonifunga macho. Kila kilichoandikwa pale kilikuwa kitu cha kusimama mbele ya watu.

Kiswahili chetu kingeweza kunisaidia kama ningekisikiliza. Karama na ukarimu ni ndugu wa tumbo moja. Tuliyapata maneno hayo kwa Kiarabu, katika mzizi mmoja unaobeba heshima na moyo wa kutoa, na hata asiyejua kusoma anausikia undugu huo masikioni: karama, karimu, kirimu, ukarimu. Kumkirimu mgeni ni kumpa maji ya kunawa, kiti na chakula. Kwa hiyo mtu anapoomba karama, ajue au asijue, neno lenyewe linamsogeza jikoni.

Yupo ndugu wa tatu katika ukoo huo, naye alitupotea kidogo. Ni takrima. Wengi wetu tunakumbuka jinsi sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilivyorekebishwa mwaka 2000, takrima ya wagombea kwa wapiga kura ikapewa nafasi kana kwamba ni ukarimu wetu wa kawaida wa Kiafrika, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Ubwabwa ulikuwa ni ubwabwa uleule, na khanga ni khanga ileile. Tofauti ilikuwa ni jicho la mtoaji: lilitazama kura. Nalisema hili kwa sababu hatari hiyo imo kanisani pia. Naweza kuhubiri nikitazama sifa. Naweza kumwombea mgonjwa nikitazama ushuhuda utakaosimuliwa Jumapili. Kwaya inaweza kumwimbia Mungu huku ikisikilizia kama kwaya ya kigango jirani imesikia. Karama ikianza kutazama malipo imekuwa takrima, hata kama imefungwa kwa Aleluya.

Tuwarudie mitume. Tunapenda kuutaja ule mstari wa Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, unaowataka Wakristo watumie kila mmoja kipawa alichopewa kwa kuwahudumia wenzake, kama mawakili wema. Ni mstari wa 10. Mara chache tunasoma wa 9. Hapo Petro amewaambia wapokeane nyumbani kwao kwa ukarimu, tena pasipo kunung'unika. Anatoka kwenye mlango wa nyumba na mgeni aliyesimama nje, ndipo anaingia kwenye karama. Kwake ni habari moja.

Na Paulo? Tumezoea kuianza habari ya karama katika 1 Wakorintho sura ya 12. Lakini namba za sura ziliwekwa karne nyingi baada ya Paulo. Wale wa Korintho waliposomewa barua hiyo kwa mara ya kwanza, waliisikia kwa mfululizo, na kilichotangulia ni aibu yao wenyewe: walikuwa wanakusanyika kwa Chakula cha Bwana, wenye nacho wanatangulia kula na kunywa hadi kulewa, na maskini wanaofika baadaye wanakuta vyombo vitupu. Paulo anawakemea, anawaambia wangojane. Maneno hayo yakiwa bado moto masikioni mwao, anaanza kuwaeleza juu ya vipawa vya Roho. Kanisa lenye wanenaji kwa lugha wengi lilikuwa linashindwa kumngoja mbeba mizigo atoke kazini.

Tena katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa upande mmoja walipokuwa wanasahauliwa katika mgao wa chakula wa kila siku, mitume walitaka watu saba waliojaa Roho na hekima. Waliojaa Roho, kwa kazi ya kugawa chakula. Siku hizi tungesema kwa kazi hiyo anatosha yeyote mwenye nguvu za kubeba gunia. Kanisa la mwanzo liliwawekea mikono. Mmoja wao, Stefano, ndiye akawa shahidi wa kwanza.

Wamatengo wa milima hii walikuwa na jambo linalokaribiana na hili, nao wazee wanalikumbuka: sengu. Wanaume wa ukoo walikutana kwa mzee wao, kila nyumba ikaleta chakula chake, kikawekwa pamoja. Hapo walikula, wakasuluhisha ugomvi, wakawafunza vijana. Ambaye nyumbani kwake hapakuwa na kitu siku hiyo alikula kilichotoka nyumba nyingine, na hakuna aliyehesabu matonge. Desturi hiyo ilififia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walipofanya kazi katika kijiji cha Kindimba, wanakijiji wenyewe waliliinua tena jina la sengu kuiita kamati yao ya maendeleo, na kijiji hicho kikajijengea mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba jina la kula pamoja ndilo walilolichagua.

Lakini sisifii kila kitu cha kale. Kwenye sengu walioketi ni wanaume. Waliopika hawakuketi. Na semina yangu, pamoja na karatasi zake na kalamu zake, ilikuwa vivyo hivyo.

Nishuke Ziwa Nyasa kidogo, maana somo la pili nililipata kule.

Nilikuwa nimekwenda kuadhimisha Misa katika kigango kimoja cha pwani, kusini ya Mbamba Bay. Ilikuwa Machi. Usiku ulikuwa wa giza la mwezi, wavuvi walikuwa wametoka na taa zao, na ukitazama kutoka ufukweni ungedhani kuna mji katikati ya maji. Alfajiri dagaa walishuka wengi. Hadi kengele ya kwanza inapigwa, akina mama walikwisha waanika kwenye chanja na juu ya nyavu zilizotandikwa mchangani, ufukwe mzima unang'aa. Wakanawa, wakavaa khanga safi, wakaingia kanisani.

Nilikuwa katikati ya mahubiri wingu lilipotanda kutoka upande wa maji. Anayeijua mvua ya Nyasa anajua haikupi muda. Nikaona mama wa kwanza anainuka kimya kimya, wa pili, wa tatu. Nusu ya benchi za upande wa kushoto zikabaki tupu. Nakiri kwamba niliudhika. Nilikuwa nahubiri juu ya kumpa Mungu nafasi ya kwanza, na mbele yangu watu wananipa mgongo kwa ajili ya dagaa.

Kupitia dirisha nilimwona mmoja wao. Alifika kwenye chanja la kwanza, akaanua dagaa kwa mikono miwili, akawamimina kwenye sinia, akafunika kwa turubai. Akakimbilia la pili. Matone yalikwisha anza. Halafu akasimama kwenye chanja la tatu, na nalo akalianua. Mvua ikamwagika akiwa hapo. Alirudi kanisani amelowa hadi kichwani, akakaa mwisho kabisa, karibu na mlango, asiwaloweshe wenzake. Baada ya Misa mzee wa kigango alinieleza kwamba yale machanja mawili ya kwanza yalikuwa ya jirani yake aliyekuwa hospitalini akimuuguza mtoto. La tatu ndilo lake. Sehemu kubwa ya dagaa wake walilowa.

Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambaye mwaka 1633 alianzisha pamoja na Mtakatifu Luisa wa Marillac shirika la masista la kuwahudumia maskini, aliwafundisha masista hao jambo ambalo wengine waliliona gumu. Maskini akibisha hodi wakati wa sala, alisema, nenda bila wasiwasi wa moyo. Unamwacha Mungu huku kwenda kumkuta Mungu kule. Masista wanaoishi kwa roho yake tunao hapa kwetu. Walifika Tanganyika kutoka Untermarchtal, Ujerumani, mwaka 1960, na makao yao yako Mbinga. Nilikuwa nimeyasoma mafundisho hayo seminarini. Lakini niliyaelewa siku ile, nikiwa nimesimama altareni na kinyongo changu, nikitazama maji yakichuruzika kutoka kwenye khanga ya mama yule hadi kwenye sakafu ya saruji.

Hapa niseme neno kwa uangalifu, nisije nikaeleweka kwamba sala si kitu, kazi inatosha. Hapana. Mama yule alirudi. Alikuwa na kila sababu ya kwenda nyumbani kubadili nguo, akarudi kwenye Ekaristi akiwa amelowa. Sala ndiyo iliyomfundisha kulijua chanja la jirani kabla ya lake, na baada ya kulianua alirudi alikofundishwa. Anayefanya huduma pasipo kupiga magoti huchoka, kisha huanza kunung'unika, na Petro amekwisha tuonya juu ya manung'uniko. Anayepiga magoti pasipo kuinuka mvua inapotanda, huyo naye sijui anaomba nini.

Ukipita Mbamba Bay ukapanda na pwani kuelekea kaskazini unafika Liuli. Wakati wa Wajerumani paliitwa Sphinxhafen. Ndugu zetu Waanglikana wana kituo cha siku nyingi hapo, na hospitali yao ya Mtakatifu Anna imewatibu watu wa dini zote na wasio na dini. Pia lipo kaburi la mmisionari William Percival Johnson, aliyezikwa hapo mwaka 1928. Kijana huyu wa Kiingereza alifika Afrika mwaka 1876, akaishi kando ya ziwa hili kwa miaka mingi kuliko wengi wetu tulivyoishi duniani. Ugonjwa ulimpofusha jicho moja na kuacha la pili likiwa hafifu sana. Hata hivyo, kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa ya macho: aliitafsiri Biblia katika Kinyanja cha Likoma, ili watu wa ziwani wasikie Neno kwa lugha yao. Mtu angesema Mungu amekosea kugawa, akampa kazi ya kusoma na kuandika mtu asiyeona vizuri. Lakini macho ya Johnson yalipopungua, alihitaji zaidi macho ya wengine na masikio yake mwenyewe, na lugha hujifunzwa kwa masikio, ukiwa umekaa na watu, ukiomba warudie neno.

Lipo jambo jingine katika habari zake ambalo mimi hulikumbuka zaidi ya Biblia ile. Safari yake ya kwanza ziwani alikuwa na padri mwenzake, Charles Janson, ambaye mwaka 1882, muda mfupi tu baada ya kufika, aliugua akafa. Johnson alikwenda Uingereza kuchangisha fedha za meli ya misioni, na meli hiyo ikapewa jina la Charles Janson. Ililetwa vipande vipande. Mahali ambapo mto Shire una maporomoko, wapagazi walivibeba vipande hivyo kwa nchi kavu, vyuma vichwani na mabegani, hadi mahali pa kuviunganisha. Katikati ya miaka ya 1880 meli ikaelea ziwani, ikawa kanisa, shule na gari la wagonjwa kwa vijiji vya pwani yote.

Jina la Johnson tunalijua. La Janson liliandikwa ubavuni mwa meli. Wapagazi wale hawakuandikwa popote. Sijui kama walikuwa Wakristo. Huenda wengi wao hawakuwa. Lakini kila mara ninapowaza juu ya mwili wa Kristo na viungo vyake, jinsi Paulo anavyosema viungo tunavyovidharau ndivyo vinavyohitajika zaidi, huwa naziona shingo za watu wale chini ya vyuma.

Basi juma hili tufanye nini? Sitaki kutoa orodha nyingine. Nimekwisha iona kazi ya orodha. Naomba jambo dogo katika sala yako ya asubuhi. Ukishafanya ishara ya msalaba, kabla hujaanza kuomba unachoomba kila siku, mwulize Bwana akutajie mtu mmoja. Usimwulize karama yako ni ipi. Hilo unaweza kukaa nalo miaka kumi ukijipima kama shati dukani. Uliza nani. Jina likija, na mara nyingi ni jina usilolipenda sana, kaa nalo kimya kidogo. Ana nini leo? Anavuna peke yake? Mtoto wake amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa daftari? Ana kesi na ndugu zake juu ya shamba la kahawa? Ukishajua anachokosa utashangaa jinsi mkono wako unavyojua wenyewe la kufanya. Anayejua kusuluhisha atakwenda kusuluhisha, na anayejua kukaa kimya na mfiwa atakwenda kukaa. Nani aliyekuambia kukaa kimya na mfiwa si karama? Nimewaona wahubiri hodari wakishindwa.

Na katika jumuiya zetu ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele tangu miaka ya 1970 ili Kanisa liwe la nyumba kwa nyumba, naomba wenyeviti wasiishie kuhesabu waliofika na michango iliyotolewa. Katika jumuiya moja hapa mlimani yupo bibi ambaye kila Jumamosi, rozari ikiisha, huuliza swali moja tu: "Nani hajaja?" Haulizi kwa kugombeza. Anataka kujua. Wakimtajia, anauliza mara ya mwisho alionekana lini, na nani anapita njia ya kwake. Kwa sababu ya swali hilo, mzee mmoja aliyekuwa ameanguka nyumbani kwake alikutwa akiwa hai. Bibi huyo hajui kuimba, na Injili husomewa na mjukuu wake.

Nimalizie kwa yule mama wa karatasi tupu.

Wiki iliyopita nilikwenda shambani kwake. Mvua zimeanza kulegea huku juu, na huu ndio wakati wa ngolo. Ukisimama barabarani unaiona milima yote imechorwa kama masega ya nyuki. Wageni huuliza mashimo yale ni ya nini. Watu wetu wamelima hivyo tangu mababu, kwenye miteremko ambayo kwa kilimo kingine udongo wake ungekwisha teremka wote. Wanaume hufyeka majani marefu na kuyalaza kwa mistari inayokatana, hadi mlima ujae miraba. Kisha akina mama huingia na majembe, huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya yale majani. Katikati panabaki shimo, pembeni panainuka matuta. Maharage hupandwa kwenye matuta. Mvua ikija na nguvu zake, kila shimo hupokea sehemu yake na kuituliza. Ndani ya tuta majani yanaoza polepole, na maharage yanakula hapo.

Nilisaidia kulaza majani pamoja na wanawe wawili, yeye akija nyuma yetu na jembe. Nilipogeuka kutazama tulikotoka sikuona hata jani moja. Yote yalikuwa yamekwenda chini. Nikakumbuka jinsi Paulo alivyoipanga barua yake: sura ya 12 karama, sura ya 14 karama, na katikati yake, sura ya 13, upendo. Tumeizoea sura hiyo kwenye ndoa, ikisomwa taratibu na dada wa bibi harusi. Paulo aliilaza katikati ya ugomvi wa watu waliokuwa wakishindania vipawa, halafu akaendelea kufukia. Nayo Injili ya Jumatano ya Majivu ilikwisha tuambia tufunge mlango, tusipige tarumbeta, tusifunge saumu kwa sura za kukunjamana. Nilivisoma vyote hivyo kwa miaka mingi, lakini sikuwa nimewahi kulaza majani.

Tulipoketi kupumzika aliniletea maji kwenye kikombe cha bati. Nikaona ni wakati wa kusema nililolibeba. Nikamwambia, mama, siku ile ya semina ulinipa karatasi tupu, na mimi sikukuelewa, nakuomba unisamehe. Akanitazama kama mtu anayetafuta jambo mbali. Karatasi hakuikumbuka kabisa.

"Semina ipi, Baba? Ile ya watu wa ziwani?"

Nikasema ndiyo, hiyo.

Uso wake ukabadilika. Akaweka jembe chini.

"Siku ile maharage hayakutosha," alisema. "Wale vijana wawili waliochelewa, waliofika na mizigo yao, niliwapa ugali na chumvi. Walikula bila kusema kitu. Nilijisikia vibaya sana, Baba. Hivi wale vijana, walifika kwao salama?"